Ufa Chini ya Ngozi

Machi 3

Leo Mama amegawa vitu vya marehemu Baba. Mimi nimepata podo na mishale iliyomo ndani. Shemeji, mume wa mdogo wangu, amepata upinde.

Narudia ili nami niamini: mishale kwangu, upinde kwake. Ni sawa na kumpa mmoja kinu na mwingine mchi, kisha ukawaambia, haya, katwangeni.

Nikauliza kwa upole. Mimi ni mpole. Watu wote husema hivyo, hasa wanapotaka niwafanyie jambo bure.

"Mama, si vingekaa pamoja?"

"Utautundika wapi, mwanangu?"

"Ukutani."

"Ukuta upi? Ule wako umejaa ndege."

Ni kweli. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Starehe yangu ni kupiga picha ndege wanaotua uani kwetu, na zana za Baba. Ukutani kwangu kuna shore anaoga kwenye beseni la kufulia, kuna tetere wawili wamenuniana kama mke na mume, na pale pasipo na ndege pana unyevu. Shemeji amejenga sebule mpya yenye ukuta mrefu kama wa ukumbi wa mikutano. Kuanzia leo, humu ndani ya daftari ataitwa Bwana Ukuta. Usoni kwake ataendelea kuwa Shemeji.

Baba alikuwa fundi wa pinde mpaka mikono ilipomkatalia, na huu ndio wa mwisho, aliojitengenezea mwenyewe. Nimeupiga picha tangu nilipopata kamera: umelala, umesimama, asubuhi, jioni. Mke wangu husema lau angepigwa yeye nusu ya picha hizo, angekuwa mtu maarufu.

Kabla hatujatawanyika, Bwana Ukuta akautia kamba, akatanua kifua. "Shemeji, nipige picha!"

Nikapiga. Akavuta. Hakuwa na mshale.

"Usiachie," nikasema, "upinde haupigwi mtupu..."

Akaachia. Ukalia kama mlango uliobamizwa na upepo. Wote wakashangilia, na Mama naye akapiga makofi.

"Mmesikia mlio huo?" akasema Bwana Ukuta. "Upinde bado kijana!"

Baba alikuwa akitukanya tangu wadogo: mshale ndio unaoichukua nguvu na kwenda nayo. Pasipo mshale, nguvu inarudi ndani ya mti na kuumiza. Nilitaka kuwaeleza, lakini wali ulikuwa umeshaletwa, na mimi siwezi kushindana na wali.

Machi 5

Mvua ya kwanza. Kazini, mteja ameleta meno yamekatika katikati, anaapa hayajaanguka. Hayaangukagi. Hujirusha yenyewe.

Machi 9

Mama anataka albamu ya zana zote za Baba. Kwa hiyo nimeenda kwa Bwana Ukuta kuupiga picha upinde wangu. Upinde wake.

Umetundikwa sebuleni ukiwa na kamba yake, umekazwa mchana kutwa. Nikamwambia, "Shemeji, ukikaa hivi utachoka. Baba alikuwa anautoa kamba kila akimaliza."

"Bila kamba ni fimbo, Shemeji. Nani anatundika fimbo?"

Nikaushusha, nikauweka juu ya meza karibu na dirisha. Nikaweka lenzi ya vitu vidogo, ile ninayopigia manyoya ya ndege, na nikauruhusu mwanga uingie kwa ubavu. Mahali pa kushikia Baba alipazungushia ngozi. Pale ngozi inapokomea, upande unaomwelekea mpigaji, nikaona kitu chembamba kuliko unywele. Nikadhani ni unywele. Nikapuliza. Haukwenda.

Ni ufa. Unaanzia chini ya ngozi na kuchungulia nje kama mtoto nyuma ya pazia. Kwa macho matupu huoni kitu. Mimi kuona nyufa ndiyo kazi inayonilisha. Nimerudi nyumbani nikalinganisha na picha za mwaka jana: mahali hapohapo mti ni laini kama kiganja cha karani.

Sasa niseme ukweli: pale mezani nilifungua mdomo nimwite, nimwambie. Ndipo akaingia na wageni wake wawili wa ofisini, akanikuta nimeinama juu ya upinde, karibu kuubusu.

"Huyu ndiye shemeji yangu, mpiga picha wa ndege," akawaambia. "Mwacheni alie. Shemeji, lia tu, ruhusa unayo. Lakini Mama kaona mbali. Wewe ungeutundika wapi, chooni?"

Wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka huku akiziba mdomo na kanga, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Umeona nini hapo?" Bwana Ukuta akaniuliza.

"Vumbi tu," nikasema.

Akawaeleza wageni kwamba mvua zikiisha atafanya sherehe ya nyumba, na mbele ya watu wote, wakubwa wake wa kazini wakiwemo, atapiga mshale kwa upinde wa mkwewe.

"Wazo zuri sana," nikasema. Nilikuwa wa kwanza kusema.

Machi 10

Mvua. Nimeamka nikiwa na furaha nisiyoweza kumweleza mtu.

Machi 14

Chozi dume, yule ndege mdogo wa maua, amegundua kioo cha dirisha la jikoni. Anajiona, anadhani ni adui, anajitupa. Anapumzika kwenye kamba ya kuanikia, anajitupa tena. Nimepata picha moja nzuri, mdomo wazi, hasira tupu, na yeye mwenyewe si mkubwa kuliko kidole gumba. Ndege ukimpiga picha, lenga jicho. Mengine yakififia si kitu. Jicho likififia, umepiga picha ya unyoya.

"Huyo ni ndugu yako," mke wangu akasema.

"Kivipi?"

"Basi tu."

Machi 17

Kwa Bwana Ukuta, "kwa ajili ya albamu". Ufa umetoka nje ya ngozi, urefu wake unakaribia upana wa ukucha. Nimepiga picha. Kiu ya chai imenishika ghafla na nimekunywa vikombe viwili, mpaka mdogo wangu akasema, "Kaka, siku hizi unatupenda."

Machi 24

Mvua haikatiki. Mti umekunywa unyevu, umevimba, na ufa umejifumba. Kabisa! Nimeutafuta kwa lenzi, kwa tochi, kwa ncha ya ukucha. Nimerudi nyumbani kama mtu aliyeenda arusini akakuta masufuria yameshaoshwa.

Machi 31

Umefumba.

Aprili 7

Umefumba. Shore wamejenga kwenye mti wa limau. Mayai mawili. Sikuwa na moyo wa kuyapiga picha.

Aprili 9

Bwana Ukuta amenipigia simu. Anataka mshale.

"Mmoja tu, Shemeji. Upinde bila mshale nitaonekana mpiga zeze."

Nimefungua podo nikaimwaga mishale yote kitandani. Nimechagua ulionyooka kuliko wote, wenye manyoya mazima na kigumba chenye ncha kali. Nataka siku hiyo pasiwe na kisingizio chochote cha kulaumu mshale. Mke wangu amesimama mlangoni akinitazama ninavyoufuta kwa kitambaa.

"Unampa mzuri hivyo?"

"Ni shemeji yangu."

Aliondoka. Mke wangu akinyamaza, huwa ameshaanza kufikiri.

Aprili 13

Nimempelekea mshale. Nimemkuta uani peke yake, amevaa miwani ambayo sijawahi kuiona, ameshika kijiti alichofunga uzi, anavuta na kuachia. Aliponiona akakificha nyuma ya mgongo kama mwanafunzi aliyekamatwa na peremende.

"Nifundishe, Shemeji," akasema. "Nikikosa mbele ya watu wale, nitahama mji."

Niseme kwamba moyo uliniruka kwa huruma? Uliniruka, lakini si kwa huruma. Mwalimu gani hapendi mwanafunzi anayejileta mwenyewe?

Nikamwambia upinde wa Baba tuuache upumzike ukutani hadi siku yenyewe, usije ukazoea. Hayo sikuyapata kwa mtu, niliyatunga palepale. Nikamtengenezea upinde wa mwanzi wa kujifunzia.

"Simama ubavu. Kiwiko juu. Vuta."

Akavuta hadi kifuani.

"Hapo ni nusu. Baba alikuwa akivuta mpaka shavuni, chini ya jicho. Mpaka shavuni, Shemeji."

"Mpaka shavuni."

"Na utulie hapo. Usikimbilie kuachia. Watu waone."

Upinde wenye ufa ukivutwa nusu huweza kuvumilia. Ukivutwa wote, ukashikiliwa, hauvumilii. Nikamsukuma kiwiko kwa kidole, taratibu, akaongeza.

Mvumilivu hula mbivu, na mimi nina njaa.

Aprili 20

Somo la pili. Anasahau kiwiko.

Aprili 21

Kunguru amekula mayai ya shore. Nimepiga picha kiota kitupu. Jike amekaa tawini anatazama nyumba nzima, anatutazama hata sisi.

Aprili 27

Somo. Mvua ilitukimbiza tukaingia chini ya kibaraza, tukakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Bila kuulizwa, akasema:

"Unajua baba yako hakuwahi kunishikisha upinde ule? Hata mara moja. Nilimwomba mwaka wa kwanza wa ndoa. Akanitazama kama anayetazama mshale uliopinda."

"Baba alikuwa hivyo kwa wote."

"Kwako hakuwa hivyo."

Maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye bati, na yeye ameshika ule mwanzi magotini kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu aliyeazimwa mtoto.

Nimemwonea huruma, nakiri, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja. Kisha akasema, "Ndiyo maana Mama aliponipa nikajua, hatimaye mwenye haki kapewa haki yake." Huruma ikapanda basi la kwanza, ikaondoka.

Mei 4

Somo. Anavuta vizuri. Anavuta mpaka shavuni. Nimemsifu mno hata akaona haya.

Mei 11

Jua! Siku ya tatu mfululizo. Kwa Bwana Ukuta: mti umekauka na ufa umefunguka, umerefuka, umepinda kidogo kama njia ya mchwa. Picha ya leo ni nzuri ajabu. Mwanga umeingia ndani ya ufa na kuonyesha nyuzi za mti zilivyoachana. Sijawahi kupiga picha nzuri kiasi hiki, na sina wa kumwonyesha.

Mei 14

Nilikuwa naikuza kwenye kompyuta, mke wangu akaja na nguo za kukunja.

"Huo ni mto? Umepigwa kutoka juu?"

"Ni ufa."

"Wa nini?"

"Wa upinde."

Akaweka nguo chini. Akatazama tarehe iliyo pembeni, akasogeza picha nyingine, na nyingine, akirudi nyuma mpaka Machi.

"Shemeji anajua?"

"Hajauliza."

"Na wewe unamfundisha kuvuta."

"Ameniomba. Mimi sijafanya kitu."

"Ndicho ninachokisema," akajibu, akachukua nguo zake. Tangu hapo tunaongea kuhusu chumvi na sabuni tu.

Nijieleze, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Ninachotaka ni aibu. Upinde uvunjike mikononi mwake, mbele ya wakubwa wake, na Mama aone aliyempa amekifanya nini kitu cha Baba. Hayo tu. Mtu hafi kwa aibu. Mimi mwenyewe nimejaribu mara nyingi na bado nipo.

Mei 25

Somo la mwisho. Akanishika bega. "Shemeji, mimi nilikuwa nakuona mtu wa kinyongo. Samahani."

Nikasema si kitu.

Mei 31

Sherehe ni kesho. Nimekwenda kusaidia kupanga viti. Nimeviweka mbali na pale atakaposimama, mbali kuliko ilivyohitajika. Mdogo wangu akauliza mbona watu watakaa mbali hivi.

"Ili waone vizuri," nikasema.

Nilipokuwa nakokota viti ndipo nikajiuliza, kama ni aibu tu, viti navisogeza vya nini? Nilikuwa na viti vingi.

Juni 2

Naandika kwa jicho moja, jingine limevimba.

Jana jua lilikuwa kali kama la kukodi. Watu walijaa. Wakubwa wa ofisini walikaa mbele na suti zao, Mama katikati yao. Gunia la maranda ya mbao lilikuwa limetundikwa mwisho wa ua. Bwana Ukuta akatoa hotuba. Akamshukuru Mama, akamshukuru marehemu, akasema, "Na zaidi nimshukuru shemeji yangu, mwalimu wangu, aliyenipa mshale huu kwa moyo mweupe." Watu wakanigeukia, wakapiga makofi. Mke wangu hakupiga.

Nikainua kamera. Nilikuwa nimejichagulia mahali pazuri, mbele kidogo kwa ubavu, mwanga mgongoni. Akapachika mshale. Akasimama ubavu, kiwiko juu, kama nilivyomfundisha. Nami, kwa mazoea ya miaka, nikalenga jicho.

Likajaa kwenye kamera. Jicho la kahawia, lina mshipa mwekundu kwa kukosa usingizi, na kope zimelowa jasho. Lilikuwa linaogopa. Na mbele yake, umbali wa kiganja tu, ule mti.

Nikashusha kamera, nikaenda mbio. Nisiseme mbio, kwa kitambi changu, tuseme nilijiviringisha.

"Shemeji, usivute," nikamnong'oneza. "Una ufa."

"Nini?"

"Upinde una ufa. Chini ya ngozi. Uweke chini."

Akanitazama, kisha akatazama watu wanaongoja, na uso wake ukajifunga. Akapaza sauti: "Jamani, Shemeji anasema upinde una ufa! Tangu Mama anipe, huyu mtu hajalala!"

Vicheko. Mkubwa mmoja akapiga goti lake. "Mwache mwenzako apige!" akapaza mtu wa nyuma.

"Nakuomba," nikasema.

"Shemeji, siku yangu hii," akasema kwa sauti ya chini, na meno yamekutana. Akaanza kuvuta.

Nikaunyakua. Mshale ukaanguka majanini. Tukavutana kidogo, wanaume wawili wazima mbele ya suti, kisha ukabaki mikononi mwangu. Ningeweza kukimbia nao. Lakini najua kukimbia kwangu. Wangenikamata kabla ya lango, na angeupiga baadaye, na angevuta mpaka shavuni.

Kwa hiyo nikauvuta mimi. Nikageuza uso pembeni, nikafumba macho, nikavuta kwa nguvu zote, mpaka mwisho, na nikashikilia.

Haukulia. Ulikohoa tu, kikohozi kimoja kikavu, na kitu kikanipiga hapa chini ya jicho, nikajikuta nimekaa chini na damu inaingia kwenye kola. Vipande viwili vya upinde vilikuwa vinaning'inia kwenye kamba, kama kuku aliyevunjwa shingo.

Halafu sauti zote kwa pamoja.

"Amemvunjia!"

"Makusudi! Mmeona alivyovuta?"

"Wivu huu, jamani, wivu!"

Mama alikuja polepole, watu wakampisha. Akaokota kipande kimoja, akakigeuzageuza. Nilitegemea atauona ufa. Lakini mti ukishavunjika, ufa wa zamani na wa sasa ni mmoja.

"Ungeomba tu, mwanangu," akasema.

Nimeshonwa zahanati. Muuguzi aliniuliza nimepigwa na nini. Nikamwambia na baba yangu.

Juni 5

Kwa Mama. Bwana Ukuta alisimama katikati ya chakula, akasafisha koo. "Mimi, mbele ya familia, nasema nimemsamehe. Vitu ni vya kupita. Damu nzito."

Wote wakamtazama kwa kumheshimu. Nikatakiwa kusema asante. Nikasema.

Juni 8

Amekuja kazini kwangu kunisamehe mbele ya wateja. Mzee mmoja asiye na jino hata moja akanitikisia kichwa kwa huzuni.

Juni 9

Amenisamehe kwa simu, sauti kubwa, nikisikia watu nyuma yake.

Juni 13

Mdogo wangu anasema mumewe amekuwa mtu mwingine, mkarimu, kazini wanamsifu. Kumbe kunisamehe kunamnenepesha. Mimi nanyonyoka.

Juni 15

Nimesafisha ile picha ya Mei na ya Machi, kubwa zote mbili. Nilipanga kuzipeleka kwa Mama. Hii hapa, Mama: mkweo aliuachia mtupu, wiki ile ile ukapasuka, ona. Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Nikakumbuka mke wangu alivyosoma tarehe. Machi. Picha inayonitoa hatiani ndiyo hiyo hiyo inayouliza: na wewe, tangu Machi, ulikuwa wapi? Nikavua viatu.

Juni 22

Amekuja leo peke yake, bila watazamaji. Nilikuwa mezani, picha ziko mbele yangu. Akakaa, akapumua kama mtu mwenye mali, akaanza: "Shemeji, nilitaka ujue kwamba moyoni mwangu..."

Sikuweza. Kovu linawasha, mke wangu ananisalimia kama jirani, mama yangu anasema ungeomba tu, na huyu amekuja kunisamehe tena. Nikamsogezea picha ya Machi.

"Hii nini?"

"Ufa wa upinde."

"Si ulipasuka ulipouvunja?"

"Angalia tarehe. Ni wiki ile uliyouachia mtupu kwa Mama, watu wakakupigia makofi."

Akavaa miwani. Akatazama muda mrefu. Uso ukamshuka, na mimi niliungoja ushuke msimu mzima wa mvua, nikautazama ukishuka wote, sikukosa hata sehemu.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ni wewe."

Utamu wake niliuonja. Ulikuwa mtamu kweli, sitasema uongo. Ulidumu kama muda wa kumeza mate.

"Machi," akasema.

"Machi."

"Aprili ulikuja kunifundisha."

Alikuwa bado anaitazama picha, siyo mimi, na kidole chake kinapita polepole juu ya ufa.

"Ulikuwa unanisukuma kiwiko. Niongeze."

Nje, chozi alikuwa anagonga kioo. Tulimsikia sote wawili.

"Mpaka shavuni, ulisema. Na nitulie hapo." Akajigusa chini ya jicho, pale pale mimi nilipo na kovu. "Halafu siku yenyewe ukavuta wewe."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilitafuta jibu la kiungwana. "Nilikuona jicho," nikasema. Hakuelewa, na siwezi kumlaumu.

Akaigeuza picha kifudifudi, akanyanyuka. "Asante kwa chai," akasema. Hakuwa amepewa chai.

Juni 30

Kwa Mama, familia nzima. Mke wangu amekaa karibu yangu. Nilimweleza yote ya wiki iliyopita, na tumerudi kuongea, ingawa bado ananiangalia kwa pembe ya jicho kama chombo kilichogundishwa.

Shemeji alikuja amechelewa. Akasalimia, akanawa, akala. Hakumwambia mtu chochote, nimepeleleza: hata mdogo wangu hajui. Watu walipomaliza kula wakanyamaza wenyewe, wakamgeukia, kama wanavyofanya siku hizi, maana hapo ndipo huwa anasimama. Na mimi, Mungu ananiona, nilikuwa nimeshaweka shingo tayari. Nilikuwa naingoja. Miezi yote ile nilitamani kumwona ameinamisha kichwa, na leo ninachokitaka ni yeye asimame, asafishe koo, aseme maneno yake yale ya kujisifu.

Alikuwa anaokota punje za wali kwenye sahani, moja moja.

"Mkwe wangu," Mama akamwambia, "mbona leo hujamsamehe mwenzako?"

Akaniangalia. Ni mara ya kwanza kuniangalia tangu alipoingia.

"Bado nafikiria, Mama," akasema.